Breka Haioni Jointi Mbovu

Nyumba ya zamani haina umeme wa rika moja. Ukuta huohuo unaweza kuwa na waya uliopitishwa na fundi wa kwanza, soketi iliyoongezwa friji ilipoingia, na tawi la tatu lililovutwa harakaharaka ili mtu apate pa kuchomeka kompyuta. Kila aliyepita aliunga kazi yake kwenye kazi ya mwenzake, na wengi hawakusumbuka kuangalia nyuma ya kifuniko kuna nini. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nyaya za nyumba yake bado nzima, mimi humuuliza zimeungwa wapi na zimebanwa na nini. Shaba iliyo ndani ya bomba kavu hukaa miongo mingi bila neno. Kinachozeeka ni mpira au plastiki inayoivika, skrubu zinazoishika, na zile sehemu ambapo waya mmoja unakutana na mwingine.

Naishi kwenye nyumba iliyofungwa umeme kabla sijazaliwa. Wakati wa ukarabati nilishika tochi huku fundi akifungua swichi baada ya swichi, na kuna boksi moja ambalo hasa ndilo lililonisukuma kuandika haya. Liko kwenye dari ya korido, la duara, lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi hata skrubu zake hazionekani. Pasi ikiwashwa chumba cha nyuma, palikuwa na harufu hafifu ya samaki aliyeharibika, na taa ya korido ilicheza kidogo. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, haikuwahi kukata.

Fundi alikwangua rangi kwa ncha ya bisibisi, akashusha kifuniko. Ndani mlikuwa na nyaya nne zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imekauka. Alipoigusa ilimeguka vipandevipande. Chini yake shaba ilikuwa imeiva hadi rangi ya zambarau, na plastiki ya nyaya ilikuwa imebabuka na kupasuka, ikaacha shaba tupu upana wa kidole tu kutoka kwenye mbao ya dari. "Dada, usiwashe tena hii laini mpaka nimalize," akasema. Hakuongeza kitu, na hapakuwa na haja.

Harufu ile ina sababu. Plastiki ngumu zinazotumika kwenye soketi, swichi na viungio, zikipata joto kupita kiasi, hutoa harufu ya samaki au ya mkojo muda mrefu kabla moshi haujaonekana. Ukiisikia ndani ya nyumba na huna samaki jikoni, zima umeme wa upande huo na uite fundi siku hiyohiyo.

Hesabu ya jointi ile ni fupi, na inafaa kila mwenye nyumba aijue. Joto linalotokea mahali penye ukinzani, yaani panapouzuia umeme kupita, hufuata mraba wa mkondo: ampea zikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Chukua jointi iliyolegea yenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Ikipitisha ampea 10 inatoa wati 10. Ikipitisha ampea 20 inatoa wati 40, na huo ni moto wa kifaa cha kulehemu kinachoyeyusha risasi, umefungiwa ndani ya boksi dogo kwenye dari. Breka ya ampea 20 inaona ampea 20 zikipita, hakuna kilichozidi, inatulia. Kila kitu kwenye boksi la breka kinaonekana salama huku dari ikiiva.

Hapa ndipo ninapokosana na watu wengi wanaoanza ukarabati kwa kununua boksi jipya la breka. Boksi jipya ni jambo jema. Lakini breka ilibuniwa kulinda waya usibebe mzigo kuliko uwezo wake, na kukata pale waya wa moto (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) zinapogusana. Haijui chochote kuhusu skrubu iliyolegea mita nane mbele yake. Vipo vifaa vinavyotambua cheche kwenye nyaya. Kanuni za umeme za Marekani za mwaka 1999 zilivifanya sharti kwa vyumba vya kulala kuanzia 2002, na mahali vinapopatikana ni nyongeza nzuri sana. Ila navyo vinasikia cheche. Jointi inayopata moto kimyakimya bila kurusha cheche huvipita. Dawa yake ni moja: kufungua kila boksi, kila soketi, kila swichi, kukata ncha zilizoungua, kuunga upya kwa viungio vya skrubu au vya kubana, na kukaza. Ni kazi ya kuchosha na haiachi kitu cha kumwonyesha mgeni. Ningelipia hiyo kwanza.

Kabla ya breka kulikuwa na fyuzi, na nyumba nyingi bado zinazo zile za kigae, ambazo ukivuta kishikio unakuta uzi mwembamba umefungwa kati ya skrubu mbili. Fyuzi ya namna hii si mbaya yenyewe. Tatizo ni kwamba usalama wake wote umo katika unene wa uzi huo: milimita 0.2 kwa ampea 5, milimita 0.5 kwa ampea 15, milimita 0.85 kwa ampea 30. Usiku umeme ukikatika, mtu akakosa uzi sahihi, anachuna waya wa kawaida na kufunga kipande chake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unahitaji zaidi ya ampea 100 ndipo uyeyuke. Fyuzi iliyofungwa hivyo haipo tena. Kitakachoungua ni waya ulio ukutani. Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, alipopata hataza ya breka ndogo ya nyumbani mwaka 1924, alikuwa anaondoa balaa hilo hasa, maana breka huirudishi kwa uzi, unainyanyua kwa kidole.

Na bado watu wamepata njia ya kuiharibu. Breka ya ampea 16 ikikata kila jioni, anakuja mtu na kuweka ya 32, na kelele zinaisha. Breka ile ilikuwa inasema kweli: mzigo umezidi waya. Ukubwa wa breka unachaguliwa kwa kuangalia waya, kamwe si kwa kuangalia vifaa ulivyonavyo. Kwa kawaida waya wa 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, na hita ya kuogea au jiko huhitaji 4, 6 au hata 10, kutegemea nguvu ya kifaa, urefu wa njia na kama waya umepita mahali penye joto. Hita ya kilowati 6 kwenye volti 230 hunywa ampea 26. Ukiichomeka kwenye laini ya soketi iliyopigwa miaka arobaini iliyopita, waya utapata joto kila mtu anapooga.

Mzigo wa nyumba umehama, na wengi hawajalitambua hilo. Zamani taa zilikuwa mzigo wa kweli. Balbu ya wati 60 au 100 iliunguza hata nyaya zilizoishikilia, ndiyo maana ukifungua holda ya zamani ya dari unakuta ncha za waya zimekuwa ngumu na zinavunjika kama zimekaangwa, wakati sentimita thelathini nyuma waya uleule ni laini na mzima. Leo balbu ya LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga wa ile ya 60. Laini za taa zimepumzika. Soketi ndizo zinazobeba kila kitu: birika, kiyoyozi, mashine ya kufulia, oveni ndogo, na sasa hata magari, ambayo yakichajiwa kwa kilowati 7 hunywa ampea 30 mfululizo kwa saa nyingi. Nyumba iliyojengwa na soketi moja kila chumba inakuwa na ekstensheni juu ya ekstensheni, na kila kichwa cha ekstensheni ni jointi nyingine.

Sasa nije kwa mtu mwenyewe, maana mpaka hapa nimezungumzia nyaya na moto. Balbu ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 hupitisha miliampea 260 hivi. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima kwa miaka mingi jinsi umeme unavyoushika mwili, akitumia watu waliojitolea, na alionyesha kwamba kuanzia miliampea 10 hivi misuli ya mkono inaweza kujikaza hata mtu ashindwe kuachia alichoshika. Breka ya ampea 16 ni miliampea 16,000. Mtu anaweza kunaswa hadi mwisho na breka isihisi chochote. Ukilielewa hili, hutaniuliza tena kwa nini nasisitiza RCD, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Ndani ya kifaa hicho kuna pete ya chuma, na waya wa moto na wa nyutro hupita zote mbili katikati yake. Umeme unaotoka ukilingana na unaorudi, pete inatulia. Ukipungua kwa miliampea 30, kwa kuwa sehemu yake imepita kwenye mwili wa mtu au kwenye bati la mashine, pete inaihisi tofauti hiyo na kufyatua swichi ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Dalziel mwenyewe alibuni kifaa cha jamii hii mwaka 1961, na vile vya Marekani hukata mapema zaidi, kwenye miliampea 5 hivi. Kwa nyumba ya zamani sijui kitu kingine kinachookoa maisha kwa kazi ndogo hivyo. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, maana mtambo wake wa ndani ukikaa muda mrefu bila kufyatuka huweza kukwama. Kitufe hicho lakini kinathibitisha kifaa chenyewe tu. Hakisemi lolote kuhusu ethi, yaani njia inayopeleka ardhini umeme uliovuja.

Na ethi ndiyo sehemu ya nyumba za zamani inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu ikikosekana hakuna kinachobadilika. Taa zinawaka, friji inagandisha, watoto wanaoga. Nyumba nyingi zilifungwa ethi kwenye bomba la maji la chuma, nalo lilikuwa linaingia ardhini mita nyingi. Kisha bomba likaoza, fundi bomba akaja, akakata kipande na kuweka cha plastiki, akaenda zake. Siku hiyo nyumba nzima ilipoteza ethi na hakuna aliyejua. Vilevile kuna nyumba ambazo mabomba ya chuma yaliyobeba nyaya ndiyo yaliyokuwa ethi yenyewe. Kutu ikila kiungo kimoja ndani ya ukuta, soketi zote zilizo mbele yake zinabaki bila ulinzi.

Hata fimbo nzuri iliyopigwa ardhini haitoshi peke yake. Fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 50, na waya wa moto ukagusa bati la mashine ya kufulia, mkondo utakaopita ni volti 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haitakata leo wala kesho, na bati litabaki na umeme likimsubiri mwenye mikono yenye maji. Weka RCD mbele ya laini hiyo, na ampea 4.6 ni zaidi ya mara mia moja ya kinachohitajika kuifyatua. Hivi viwili huenda pamoja. RCD bila ethi hukata mtu anapoguswa. Ikiwepo ethi, hukata kabla hajafika.

Kuna uovu mmoja nataka kuutaja kwa jina lake. Soketi ya matundu mawili inabadilishwa kuwa ya matundu matatu, waya wa ethi haupo, na mtu anachukua kipande cha waya anaunga tundu la ethi kwenye nyutro ndani ya soketi. Kifaa cha kujaribia soketi kinawasha taa za kijani. Siku nyutro ikikatika popote nyuma ya soketi hiyo, volti zote 230 zinarudi kupitia kifaa kilichowashwa na kutua kwenye bati la kila kitu kilichochomekwa hapo. Huko si kurahisisha kazi, ni kutega mtego. Ukinunua nyumba ya zamani yenye soketi mpya zinazong'aa, taka zifunguliwe.

Ipo dalili nyingine ndogo ambayo balbu za LED zimetusaidia kuiona. Ukizima swichi na balbu ikaendelea kung'aa kidogo gizani, inawezekana swichi inakata nyutro badala ya waya wa moto. Taa inaonekana imezimwa, lakini holda ina umeme saa zote, na anayebadilisha balbu akiwa amesimama juu ya kiti hajui. Sababu nyingine zipo, kwa mfano swichi zenye kitaa chake, lakini fundi apime.

Mafundi wanaofunga RCD kwenye nyumba kuukuu hukutana na jambo hili: inakata palepale, au inakata mara taa ya ngazi inapowashwa. Mara nyingi nyutro zimechanganywa. Mtu zamani alichukua moto kutoka laini ya chini na kuazima nyutro ya laini ya juu ili aokoe mita chache za waya. Umeme unatoka mlango mmoja na kurudi mwingine, na RCD inaona upungufu. Wakati mwingine ni kipasha maji cha zamani kinachovuja. Fundi mvivu atasema kifaa kinasumbua na atakitoa. Usikubali. Kimekuonyesha kosa lililokuwa limejificha, nawe unamlipa fundi alitafute.

Kuhusu aina ya nyaya nitasema machache. Za mpira na kitambaa, zilizotumika sana kabla plastiki haijashika soko, zibadilishwe zote. Zikilala zinaonekana nzima, zikikunjwa mpira unadondoka kama unga. Za alumini zinahitaji uangalifu wa peke yake. Marekani ziliwekwa kwa wingi kati ya 1965 na 1973, shaba ilipokuwa ghali. Alumini hutanuka zaidi ya shaba inapopata joto, hujisogeza taratibu chini ya skrubu, na uso wake hujifunika tabaka lisilopitisha umeme vizuri. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya huko ilieleza kwamba nyumba zenye alumini iliyotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kilichofikia hali ya hatari ya moto kuliko zenye shaba. Tena ni kiungo, si waya. Shaba na alumini zisisokotwe pamoja hata kwa usiku mmoja. Zina viungio vyake maalumu.

Unaweza kuangalia mengi mwenyewe bila kushika bisibisi. Weka kiganja juu ya soketi baada ya kifaa kizito kufanya kazi nusu saa: vuguvugu kidogo si ajabu, moto ni onyo. Tazama alama za hudhurungi kuzunguka matundu. Sikiliza mlio wa kukaanga nyuma ya swichi. Taa za chumba kimoja zikififia huku za kingine zikizidi kung'aa, zima swichi kuu bila kungoja; huenda nyutro inayokuja nyumbani imeachia, na kwenye umeme wa fezi tatu volti zinaweza kupanda kuelekea 400 na kuunguza kila kitu. Lakini boksi la breka usilifungue. Hata ukizima swichi kuu, nyaya zinazoingia kutoka nje zinabaki na umeme. Mbao za fyuzi za zamani sana wakati mwingine zina asbesto, kwa hiyo zisitobolewe wala kupigwa msasa.

Fundi utakayemwita, muulize ana kifaa gani cha kupimia. Tesa ya bisibisi haitoshi. Hata kuthibitisha kwamba waya hauna umeme haiaminiki. Anapaswa kupima mvujo wa nyaya kwa volti 500, na matokeo yasiwe chini ya megaomu 1 (nyaya nzuri hutoa zaidi ya hapo kwa mbali sana), kupima ethi hadi soketi ya mwisho, na kupima muda wa RCD kukata. Namba hizo akuandikie, soketi kwa soketi. Anayeangalia tu na kusema "iko sawa" hajapima kitu. Kama nyumba ina mabomba ndani ya kuta, mwambie ajaribu kwanza kuvuta waya mpya akitumia wa zamani kama kamba. Mabomba yakiwa hayajashikwa na kutu, unaweza kubadilisha nyaya zote bila kuvunja ukuta hata mmoja.

Wengi hawawezi kulipia yote kwa mara moja, na hilo si sababu ya kuacha. Anza na vipimo, kisha ethi na RCD, kisha kufunguliwa kwa jointi zote. Baada ya hapo jiko na hita zipewe laini zao zenye waya unaostahili, halafu bafuni, jikoni na soketi za nje zipigwe waya mpya, maana huko kuna maji na miguu iliyo wazi. Vyumba vya kulala vyenye sakafu kavu vinaweza kusubiri mwaka mwingine, mradi jointi zake zimeshafunguliwa na RCD iko mbele yake. Swichi nzuri za kisasa ziwekwe mwisho kabisa.